Mchikichi na Ganda la Kokwa Yake

Mchikichi, ambao wataalamu wa mimea huuita Elaeis guineensis, asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na ya Kati. Hata hivyo, haustahimili kivuli kizito. Huota pembezoni mwa msitu, kandokando ya mito na kwenye mahame, kiasi kwamba palipo na michikichi mingi msituni mara nyingi paliwahi kukaliwa na watu.

Mti mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike, ila kwa zamu, kwa hiyo chavua aghalabu hutoka mti mwingine. Mbebaji wake mkuu ni fukusi mdogo. Malaysia ilipanda michikichi bila mdudu huyo, ikawalipa vibarua wachavushe kwa mkono hadi mwaka 1981, alipopelekwa kutoka Kamerun.

Mkungu hukomaa kwa miezi mitano hadi sita. Nyama ya chikichi, yenye nyuzinyuzi, ndiyo yenye mawese, mekundu kwa wingi wa karotini. Ndiyo hayo yanayoungiwa sombe na migebuka mkoani Kigoma. Kiini kilichomo ndani ya kokwa hutoa mise, mafuta yanayokaribiana na ya nazi na yanayofaa sana kwa sabuni. Chikichi zikishachumwa hazingoji: zikichubuka, kimeng'enya kilichomo huanza kuyachachusha mafuta, na kuzichemsha mapema ndiko kunakokizima.

Lakini faida ya mkulima hutegemea sana unene wa ganda la kokwa. Aina iitwayo Dura ina ganda nene na nyama haba. Aina nyingine, Pisifera, haina ganda, ila mikungu yake mingi huharibika kabla ya kukomaa. Mwaka 1941, watafiti wa Yangambi, Congo, walionyesha kwamba ganda hilo hutawaliwa na jeni moja, na kwamba Dura ikichavushwa na Pisifera huzaliwa Tenera, yenye ganda jembamba na nyama tele. Ugunduzi huo ndio uliostawisha mashamba makubwa ya Asia.

Kuokota mbegu chini ya Tenera basi ni kujipunja, kwani hata Tenera kwa Tenera huzaa robo Dura na robo Pisifera. Ndiyo maana katika uzalishaji wa mbegu, kazi inayofanywa pia na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, Kigoma, shada la kike la Dura hufunikwa kwa mfuko kabla maua hayajachanua, kisha hupuliziwa chavua ya Pisifera.