Nani anakuchagulia chakula cha usiku Lamu?

Kwenye ukuta wa mkahawa mmoja wa pwani ya Lamu kuna ubao mweusi unaoandikwa upya kwa chaki kila siku baada ya Alasiri. Wali wa nazi una bei yake. Pweza ana bei yake. Hata maji ya ukwaju yana bei, na ya barafu ni zaidi kidogo. Mstari wa juu peke yake, ule wa herufi kubwa, uliochorewa samaki anayetabasamu, ndio usio na tarakimu. Umeandikwa: samaki wa leo, kulingana na ukubwa.

Nilikuwa Lamu kwa habari nyingine kabisa, ya ardhi, nayo nilishaiandika na imeshasahaulika. Ubao ndio haukunitoka kichwani. Jua likishazama nyuma ya mji, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, wageni huja kusimama mbele yake, na husimama sana. Mtu ameruka kwa ndege kutoka Nairobi hadi Manda, amevuka mkondo kwa mashua na mzigo wake mapajani, amepata chumba katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani, yote hayo bila kusita. Sasa anashindwa kuamua kati ya samaki na samaki.

Mkabala na ubao, juu ya ukuta wa bahari, hukaa mwanamume wa makamo mwenye kikoi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Yeye huwa ameshaamua.

"Hawa hawaingii," aliniambia jioni ya kwanza niliyoketi naye, huku akiwaonyesha kwa kidevu mume na mke waliosimama hatua mbili kutoka kwenye ubao. "Watakwenda hadi kule mbele, watarudi, watakula pale penye taa za rangi. Yule mama ataagiza kitu cha mboga." Walikwenda, wakarudi, wakaketi penye taa za rangi. Cha mboga sikuthubutu kwenda kuchungulia mezani.

Jina lake hakutaka liandikwe. "Andika mtembeza wageni, basi. Wenye kunijua watanijua." Alianza ujanani akiwa baharia wa mashua za kupeleka wageni Takwa na Manda Toto, akafika mahali akaona kuwa safari ya mchana ina ushindani mwingi, ilhali jioni mgeni yule yule ana njaa na hana wa kumuuliza. Tangu hapo kazi yake ni chakula cha usiku. Nilimwita ami, kama vijana wote wanaopita pale wanavyomwita, naye akaniita mwanangu ingawa ndevu zangu nazo zimeanza mvi.

Nilimwomba anifundishe kusoma watu kama anavyosoma yeye. Alicheka, kisha akafundisha kweli, na masomo yake nayaandika kwa jinsi alivyoyapanga mwenyewe.

Kwanza ni miguu. Mgeni mwenye mchanga mweupe hadi vifundoni ametoka ufuo wa Shela, amekula mchana kwa kuchelewa, anachotaka ni juisi na kitu kidogo cha kutafuna. Huyo usimpeleke penye mchuzi wa vyungu. Aliyekunja suruali na viatu viko mkononi ametembea ukingoni maji yakiwa yanapanda, kwa hiyo amechoka na ataingia mlango wa kwanza. Pili ni mkono. Anayesoma ubao mikono ikiwa nyuma anatalii tu. Anayetia kidole kwenye bei, akakiteremsha mstari kwa mstari, huyo anakula hapo hapo, maana ameshaanza kuhesabu. Tatu ni macho. Ukiona anaangalia juu, anatafuta dari, anataka kula akiona bahari, na chakula chenyewe si hoja. Ukiona anachungulia ndani kabla ya kusoma chochote, anatafuta friji ya bia. "Huyo simpotezei wakati, wala yeye hanipotezei. Namwonyesha mashua ya Shela, au ile baa inayoelea mkondoni. Mui huu ni wa misikiti, pa kunywa hapa ni pa kuhesabu."

Wenye watoto hawasogelei. Meza yao imeshaamuliwa na mtoto, na mtoto anataka chipsi. Na yuko mgeni wa peke yake mwenye kitabu. Mahali pazuri kwake si penye chakula kizuri, ni penye taa yenye nguvu. "Nilichukua miaka kulijua hilo. Nilikuwa nawapeleka kwenye mishumaa, wanaondoka bila kumaliza sahani."

Niliuliza kuhusu simu. Siku hizi mgeni husimama mbele ya ubao na simu mkononi, akisoma walichoandika waliomtangulia na kuhesabu nyota walizotoa. Ami hazichukii simu. Zimempunguzia kazi ya kusifu, anasema, lakini hazijamwondoa. "Simu itamwambia kuna mkahawa mzuri Shela. Haitamwambia kwamba yeo ni bamvua."

Hapo ndipo nilipoanza kuandika kwa kasi. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni kama kilomita tatu, na njia ya karibu ni ile ya ukingoni mwa bahari. Maji yakitoka, ni matembezi mazuri ya dakika arubaini. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hufika ukutani na njia ikatoweka. Inabidi uzungukie ndani, gizani, au utafute mashua, na nahodha wa saa nne usiku ana bei tofauti na nahodha wa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo ami huanza kupanga chakula cha usiku kwa kuutazama mwezi. Ikiwa maji yatajaa saa moja na kuachia njia kufikia saa tano, wageni wa Shela huwaambia waende kwa mashua na warudi kwa miguu. Ikiwa kinyume, huwashauri wabaki mjini. Wanadhani anawavuta kwenye mkahawa wa rafiki yake. Wakati mwingine ni kweli anawavuta. Lakini maji nayo ni kweli.

Halafu kuna upepo, ambao ubao wa chaki hautaki kuusikia. Wageni wengi wa Ulaya hupata likizo Julai na Agosti, kusi linapovuma. Ndio wakati bahari ya nje haina mzaha na mashua ndogo hujibana ndani ya mikondo. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka, ndiyo huifungua bahari. Mgeni wa Agosti anasoma orodha ile ile ya mgeni wa Januari: kamba wakubwa, kaa, ngisi, kolekole, changu. Nilipomuuliza ami kamba wa Agosti hutoka wapi, alinitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi aliyezinduka kwa kuchelewa. "Wengine hutoka baharini. Wengine hutoka kwenye friza." Na mgeni atatofautishaje? "Aulize kuna nini, asiulize kama kuna kamba. Ukiuliza kama kuna kamba, kamba watakuwepo."

Ushauri huo pekee ungetosha kulipia nauli yangu.

Sasa ule mstari usio na tarakimu. Samaki mzima huletwa mezani akiwa mbichi, kwenye sinia, mgeni amkague, kisha hutajiwa bei. Bei hiyo hutajwa baada ya mhudumu kuona nani amemleta mgeni. Ami hakulificha hili, wala hakulipamba. Mgeni anayekuja peke yake ana bei, anayeletwa ana bei. Fungu la mleta wageni ni kumi kwa mia, mahali pengine zaidi, nalo halilipwi mbele ya watu: usiku meza zikishafutwa hupita kusalimu, hupewa glasi ya juisi, na noti huwa zimekunjwa chini ya kisosi. Nilimwambia kwamba mgeni akijua ataona ameibiwa. Alinyamaza kidogo.

"Dalali wa shamba anapata chake, huandiki. Dalali wa nyumba anapata, huandiki. Mimi nimemtembeza mtu gizani, nimemwonyesha pasipoharisha, nimemrudisha hadi mlangoni kwake, ndimi unayeniandika?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina la uhakika. Dalali wa shamba, angalau, mnunuzi anajua yupo.

Swali analoulizwa zaidi, anasema, ni moja: wenyeji wanakula wapi? Wageni huliuliza kwa sauti ya chini, kama wanaoomba siri. Jibu lake ni fupi, nalo huwavunja moyo. Wenyeji wanakula nyumbani. Jioni utawaona kandokando ya ngome na kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wakinunua mishkaki, viazi karai, bajia na sambusa za kufungiwa gazetini, lakini hizo ni za kushikizia tumbo, au za kupelekea watoto. Unguja wana bustani ya Forodhani, ambako mwenyeji na mgeni hupangana mbele ya jiko moja usiku. Malindi mgeni anakula pizza na tambi, kwa sababu Waitaliano walikuja miaka ya 1960 kurusha roketi kutoka Ngomeni, na nyuma ya roketi wakaja wapishi. Lamu haikuzoea kula nje usiku. Mpishi bora wa mtaa wa Mkomani hajawahi kuwa na kibao mlangoni, wala hana haja nacho.

Ndiyo maana ami ana biashara ya pili, anayoipenda zaidi: kupeleka wageni wachache kula nyumbani kwa watu. Alinipeleka kwa mama mmoja anayepika wageni wawili hadi sita, si zaidi, na si kila siku. Nilimkuta saa tisa mchana juu ya mbuzi, anakuna nazi ya tatu. Tui la kwanza alilitenga kwenye bakuli lake, likafunikwa, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. La pili na la tatu ndiyo yaliyoingia kwenye mchele. Changu alikuwa amepasuliwa mgongoni na kufunuliwa, amesingwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu, amelala kwenye sinia akingoja. Makaa yalipogeuka meupe aliwekwa juu, upande wa ngozi kwanza. Wakati huo tui zito lilikuwa motoni na bizari na ukwaju, mama analikoroga upande mmoja bila kuacha, maana likikatika limekatika. Lilipokuwa zito alianza kumpaka samaki, kidogo, akamgeuza, akampaka tena, akangoja likauke kabla ya kupaka jingine. Hakutazama saa hata mara moja. Alisikiliza. Tui likidondokea makaa hulia; likilia sana, moto ni mkali, na kaa moja husogezwa kando kwa koleo.

Wageni waliketi mkekani uani, chini ya anga, wakala kwa mikono kwa kuiga. Yeye hakutoka jikoni. Mmoja aliomba kumwona ampe mkono wa shukrani. Ami alienda kuuliza, akarudi na salamu.

Kula kwa namna hiyo hakujawahi kuwa na uhakika. Raia wawili wa kigeni walipotekwa nyara mwaka 2011, mmoja Kiwayu na mwingine Manda, wageni walikatika. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ikaja kafyu: giza likiingia kila mtu kwake, na mvuvi wa usiku naye akazuiwa. Chakula cha usiku, kama biashara, kilifutwa kwa miezi. Mwaka 2020 korona ikaleta kafyu nyingine. Ami alirudi kwenye mashua mara zote hizo, na mama akauza mahamri asubuhi kupitia mtoto wa jirani. Mikahawa mikubwa ina akiba. Hao wawili walikuwa na nazi na kamba ya tanga.

Tukirudi kutoka kwa mama nilimuuliza ami swali la pesa. Kila mgeni alilipa shilingi 1,500, akampa yeye, si mama. Je, mama anabakiwa na ngapi? Elfu moja, alisema, na samaki ananunua yeye ami. Kesho yake nilipita kumshukuru mama, tukazungumza yeye akiwa ndani na mimi nikiwa dakani. Anapata 700, alisema, na samaki ananunua mwenyewe. Kisha akaniuliza kama gazeti letu huweka matangazo ya bure, na akiweka, watu watampataje bila kibao mlangoni.