Ngoma na Rika: Ufundishaji wa Ngoma kwa Wanafunzi wa Umri Mbalimbali Katika Shule za Naro Moru

Neno "rika" la Kiswahili na neno "riika" la Kikuyu ni ndugu wa asili moja, ingawa matumizi yake yametengana. Katika Kiswahili cha kila siku, rika ni watu wa umri unaokaribiana, basi. Kwa Wakikuyu, riika lilikuwa kundi la watu waliotahiriwa katika msimu mmoja. Kundi hilo lilipewa jina, na jina hilo lilimfuata mtu hadi kaburini. Hatua za umri ziliamua mtu aketi wapi, azungumze lini na, jambo linalohusu makala haya, acheze ngoma gani.

Wavulana waliokaribia jando walicheza muthuu, njuga za chuma ziitwazo njingiri zikiwa zimefungwa miguuni. Katika ngoma za umri huo ilivaliwa pia ngao ndogo ya mbao, ndome, iliyopakwa nakshi. Kibata ilikuwa ya vijana wapiganaji. Gitiiro ilikuwa ya wanawake waliokwisha kuolewa, na wanafunzi wa fasihi simulizi wangefaa kuitazama kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna majibizano, mafumbo na kejeli kati ya pande mbili za arusi. Muthunguci waliachiwa wazee wa kike na wa kiume. Inafaa kutaja kuwa nyingi za ngoma hizi huongozwa na sauti, makofi na njuga zaidi kuliko kwa ngoma ya kupigwa. Kiswahili huziita "ngoma" hata hivyo, kwa kuwa neno hilo hubeba ala, uchezaji na hafla yenyewe kwa pamoja.

Mpangilio huo haukuhitaji mwalimu aliyeajiriwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza elimu iliyoanzia katika nyimbo za kubembelezea mtoto na kuendelea kupanda pamoja na umri wake. Mtoto alitazama ngoma ya waliomtangulia kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuicheza. Kutazama kulikuwa nusu ya somo.

Shule imeuvunja mpangilio huu, na pengine haikuwa na budi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, na lile la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, yameihamisha ngoma kutoka uwanja wa kijiji hadi jukwaani, mbele ya waamuzi na kwa dakika zilizopimwa. Si haki kuyabeza matamasha haya. Bila hayo, watoto wengi wasingeyasikia hata majina ya ngoma za babu zao. Hata hivyo, ngoma inayofundishwa kwa ajili ya kombe hufundishwa kwa wachache waliochaguliwa, kwa wiki chache, na mara nyingi kwa namna ileile kwa mtoto wa miaka minane na kwa kijana wa miaka kumi na saba. Mtoto huyo hupewa miondoko ya mwanamke aliyeolewa, watazamaji wakacheka, naye asielewe wamechekea nini.

Naro Moru huongezea jambo jingine. Mji huu, ulio kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, chini ya Mlima Kenya upande wa magharibi, una jina la asili ya Kimaasai. Mashamba makubwa yaliyouzunguka yalikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963 mengi yaligawanywa kwa familia zilizotoka sehemu mbalimbali za Nyeri na kwingineko. Hivyo, mwalimu wa Kieni anayewaalika wazee wawili kufundisha ngoma moja asishangae wakibishana juu ya hatua ya tatu. Ubishi huo asiuzime. Kwa wanafunzi wakubwa, huo ndio mfano hai wa sifa ya fasihi simulizi ambayo vitabu huieleza kwa sentensi moja: kwamba haina nakala moja iliyo sahihi.

Kwa watoto wa chekechea na gredi za kwanza, mwalimu hana haja ya kutaja jina la ngoma yoyote. Mwili wa umri huu hujifunza kwa kuiga, na umakini wake ni wa dakika chache. Michezo ya kuimba, kupiga makofi kwa zamu, kutembea kwa mdundo na kusimama ghafla wimbo unapokatika yatosha. Asubuhi za Naro Moru ni za baridi kali, kwa hiyo misuli ipashwe joto kwanza, hasa pale ambapo viatu vimevuliwa.

Kati ya miaka minane na kumi na mmoja mtoto aweza kushika ruwaza: mstari, duara, kulia kabla ya kushoto, kiongozi na waitikiaji. Huu ndio wakati wa muthuu, kwa kuwa ni ngoma ya watoto wanaokaribia kuvuka. Je, wasichana nao waicheze? Kwa desturi, hapana. Kwa shule ya leo, kumweka msichana kando wakati wenzake wanacheza ni kumfunza jambo baya zaidi kuliko kuvunja desturi. La msingi ni mwalimu aseme wazi kuwa ngoma imehamishwa, na aeleze ilikotoka.

Wabalehe ndio wagumu zaidi. Mwili hurefuka kabla mwenyewe hajauzoea, sauti hupasuka, na aibu huwa kubwa. Kuwaamuru wavulana na wasichana washikane mikono siku ya kwanza ni kulipoteza somo. Mwomboko, ngoma ya wawili wawili iliyoibuka katika miaka ya 1930 na 1940, huwafaa baadaye, wakishaizoea hatua mmoja mmoja: hatua mbili, kisha kukunja magoti. Ala zake ni kodiani na duara la chuma la kugongwa, karing'aring'a, na mtindo wake uliazima kutoka densi za walowezi. Mwanafunzi anayelijua hilo hatadanganyika kuwa mila ni kitu kisichobadilika.

Katika shule ya upili, mwili na historia vyaweza kufundishwa pamoja. Muthirigu, wimbo na ngoma ya kuwapinga wamisionari katika mgogoro wa ukeketaji wa mwaka 1929, ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1930. Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini serikali iogope ngoma bila kulazimika kuunga mkono kilichotetewa nayo. Huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walipoandaa Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, wazee ndio waliowasahihisha vijana nyimbo na miondoko. Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya kumi Januari 2026, unaipa densi nafasi pamoja na muziki katika mkondo wa sanaa. Mwalimu wa Kiswahili ana kazi hapa pia. Mwanafunzi akiombwa aeleze kwa Kiswahili anachofanya goti, bega na kisigino katika muthuu, hugundua upesi kwamba "kucheza" na "kutingisha" hayatoshi, na humbidi arudi kwa mzee kuuliza kila mwondoko unaitwaje.