Ngamia wa Njia Tatu na Jumba la Chini ya Bahari

Sogeeni karibu na Abti, mjomba wenu, wapwa zangu. Mwenye kikombe cha shaah, chai yetu, akiweke chini kwanza, kisimwagike. Leo nina hadithi mbili. Ya kwanza ni fupi, na anayeisimulia ni ngamia. Ya pili ni ndefu, na ilitungwa Japani. Tuanze na ya ngamia, maana bila yeye ile ya Japani haifunguki.

Ngamia alisema hivi:

"Nilisimama Garissa, pale mji unapoishia na njia zinapoachana. Njia moja inakwenda Dadaab, mpaka Liboi. Njia ya pili inashuka Masalani. Njia ya tatu inapanda Modogashe, mpaka Wajir. Nikajiuliza, nishike ipi?

"Nikashika ya Dadaab. Nikamkuta mvulana analia. Akaniambia ngamia wao mweupe amepotea, na shingoni amefungwa koor, kengele ya mti. Nilimwonea huruma, lakini sikuwa na la kumsaidia. Nikarudi.

"Nikashika ya Masalani. Nikaona koor imening'inia kwenye tawi la mgunga, haina mwenyewe. Kama nisingepita njia ya kwanza, ningeona kipande cha mti tu, nikapita zangu. Lakini nilikuwa nimepita. Nikajua yule mweupe alifika hapa. Nikarudi.

"Nikashika ya Modogashe. Nikamkuta bibi anakamua. Akasema, 'Huyu mweupe alikuja usiku peke yake, shingo tupu. Sijui ni wa nani.' Bibi hajui. Mvulana hajui. Ninayejua ni mimi, niliyepita njia zote tatu."

Ngamia akanyamaza, akaendelea kucheua.

Sasa mnauliza, "Abti, Japani inaingiaje hapo?" Mmeuliza vizuri. Subirini kidogo.

Huko Japani kuna riwaya zinazosomwa kwenye skrini. Hazina karatasi. Juu kuna picha ya mahali, na mbele yake wamesimama watu wa hadithi. Chini kuna kisanduku cha maneno. Unabonyeza, maneno mengine yanakuja. Muziki unapiga polepole. Hakuna kupiga risasi, hakuna kukimbizana na magari. Unasoma tu, kama mnavyosoma kitabu cha hadithi. Kisha hadithi inasimama na kukuuliza: utafungua mlango huu, au utamsubiri mwenzako? Hapo umefika njia panda. Ukichagua huku, hadithi inakupeleka huku. Ukichagua kule, inakupeleka kule, na mwisho wake ni mwingine. Tuiite riwaya ya picha.

Ninayowasimulia inaitwa *Ever17*. Kampuni iliyoitengeneza iliitwa KID, na riwaya ilitoka mwaka 2002. Msimamizi wake alikuwa Takumi Nakazawa. Mwandishi wake mkuu alikuwa Kotaro Uchikoshi, mtu anayependa mafumbo kama nyinyi mnavyopenda maembe.

Tumeingia. Ni tarehe 1 Mei 2017. Chini ya bahari kuna mahali pa burudani panaitwa LeMU. Watu wanashuka huko kutazama samaki na kucheza. Ghafla maji yanaingia. Njia ya kwenda juu inakatika. Mawasiliano yanakatika. Watu wachache wanabaki ndani, na jumba lenyewe halitadumu. Lina saa 119 tu kabla halijapondwa na maji.

Naona mkono juu. "Abti, lakini 2017 imeshapita!" Kweli, imepita. Mwandishi aliiandika ikiwa bado mbele kwa miaka 15. Ndivyo hadithi za kubuni za sayansi zinavyofanya: zinachukua sayansi ya leo na kuisukuma mbele. Hata ikikosea mwaka, swali lake linabaki na nguvu.

Mkono mwingine. "Kwa nini wasifungue mlango waogelee mpaka juu?" Hapo umenifurahisha sana, maana umeuliza swali la mwanasayansi. Maji yana uzito. Kila ukishuka mita 10, maji yanakukandamiza kwa nguvu sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu hapa. Mita 20, mara mbili. Mita 30, mara tatu. Mtu anayepumua hewa iliyokandamizwa hivyo, sehemu ya hewa hiyo inaingia kwenye damu yake na kutulia humo. Akipanda haraka, mkandamizo unaondoka ghafla, na hewa ile inatoka kwenye damu ikiwa mapovu. Mapovu yanaziba mishipa. Viungo vinauma, mtu anaweza kupooza, anaweza kufa. Wapiga mbizi wote wanalijua jambo hili, kwa hiyo wanapanda kwa vituo, wakipumzika njiani. Sasa wewe fikiri: saa zinakwisha, na bado huwezi kukimbia.

Ndani ya LeMU yumo dada mmoja mpole, jina lake Sora. Anafanya kazi ya kuwaongoza wageni. Ana sauti, ana nguo nzuri, anatabasamu. Lakini hana mwili. Sora ni programu ya kompyuta. Mashine zinapeleka mwanga mpaka ndani ya jicho la kila mtu, kwenye utando wa nyuma unaopokea picha, na jicho linaamini kuna mtu amesimama mbele yake.

"Kwa hiyo hashikiki mkono?"

Hashikiki. Ukiunyoosha mkono wako unapita. Na Sora mwenyewe anajua kwamba unapita. Anawauliza wenzake mapenzi ni nini, na anataka jibu la kweli, kama mtoto anayeuliza kwa nini mwezi unatufuata. Mimi nilipofika hapo niliacha kubonyeza kwa muda. Nilitaka kukaa naye.

Haya, fumbo lenyewe ndilo hili. Riwaya inakuruhusu kutazama kupitia macho ya watu wawili. Mmoja ni Takeshi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwingine ni kijana aliyepoteza kumbukumbu, hajui hata jina lake, na wote wanamwita Kijana. Mwanzoni unachagua vitu vidogo tu, na vile vidogo ndivyo vinavyoamua utakuwa nani. Ukiwa Takeshi, utamkuta ndani ya jumba mtoto mcheshi anayeitwa Coco. Ukiwa Kijana, Coco hayumo. Yumo msichana anayeitwa Sara, hodari wa kompyuta.

Jumba ni lile lile. Tarehe ni ile ile. Maji ni yale yale. Basi kwa nini huku yupo Coco, na kule yupo Sara?

Wasomaji wengi waliliona hilo wakadhani ni makosa ya mtunzi. Wengine walisema ndiyo kawaida ya riwaya za njia panda, kila njia ina watu wake. Lakini wachache walikuna vichwa. Walisema, hapana, hapa pana kitu. Nawapenda watu wa namna hiyo. Ninyi mnaonikatiza kila dakika na maswali, nawahesabu miongoni mwao.

Mkumbukeni ngamia. *Ever17* ina mwisho mwema wa Takeshi na msichana anayeitwa Tsugumi, na mwingine wa Takeshi na Sora. Ina mwisho wa Kijana na msichana anayeitwa You, na mwingine wa Kijana na Sara. Njia nne. Ukimaliza moja unaweza kufunga na kusema umesoma. Hujasoma. Ni lazima uzipite zote nne, ndipo inafunguka njia ya tano, njia ya Coco, ambayo mwanzo haikuwepo kabisa. Na huko unagundua kwamba msomaji hakuwa mtazamaji tu. Uliyoyaona njia moja na ukayabeba kichwani mpaka njia nyingine yana kazi ndani ya hadithi yenyewe.

"Jibu ni lipi, Abti?"

Siwaambii! Nikiwaambia nitakuwa nimewanyang'anya. Nawapa dokezo moja tu: mtu anayetazama kupitia macho ya mwenzake haioni sura ya huyo mwenzake. Lifikirieni usiku.

Mnauliza tena, "Kama ni nzuri hivyo, mbona hatujaisikia?" Ilipata bahati mbaya. Kampuni ya Hirameki iliitoa kwa Kiingereza mwaka 2005, kwa kompyuta tu. Mwaka 2006 KID ikafilisika. Mwaka 2008 Hirameki nayo ikaacha biashara hiyo, na nakala zikawa adimu. Mwaka 2011 ilitengenezwa upya, lakini kwa Kijapani peke yake. Uchikoshi alikwenda kampuni ya Chunsoft, na mwaka 2009 akatoa riwaya nyingine ya watu waliofungiwa, yenye milango tisa, ikapata wasomaji wengi zaidi huko Marekani. Hii ya zamani ikabaki nyuma yake. Mwezi Machi 2025 ndipo Spike Chunsoft waliirudisha ikiwa imesafishwa, pamoja na riwaya mwenzake, *Never7*.

Na niseme wazi, ina upande mgumu. Saa za mwanzo zinakwenda polepole mno. Watu wanacheza, wanataniana, wanakula sandwichi za kuku, na wewe unangoja. Wengi waliiacha hapo. Mimi naona mtunzi alikuwa na sababu: katika ule utani ndimo alimoficha vidokezo. Ila si ya watoto wadogo. Mngoje mfike sekondari, kwa maana ina vifo na mambo ya uchumba.

Wakati mnangoja, mnaweza kutunga ya kwenu. Ipo programu ya bure inaitwa Ren'Py, iliyoanzishwa na Tom Rothamel mwaka 2004. Unaandika maneno kwenye faili la kawaida. Unaweka picha uliyoichora. Ukifika njia panda unaandika chaguo mbili, na chini ya kila chaguo unaandika yatakayotokea. Mkimaliza, riwaya yenu inaweza kusomwa hata kwenye simu za Android.

"Kwa Kiswahili?" Kwa Kiswahili. "Na Kisomali?" Na Kisomali pia.

Wala hamhitaji jumba la chini ya bahari. Mwishoni mwa 2023 mto Tana ulifurika, barabara ya kuja Garissa ikakatika upande wa Madogo, na watu wakavuka kwa boti. Mlisikia wakubwa wakizungumzia jambo hilo. Sasa fikirini hadithi yenu: magari yamekwama ng'ambo. Ndani ya basi wamo abiria wasiojuana, na mmoja wao hasemi anakotoka. Giza linaingia, maji yanapanda.

Anzeni hapo. Chaguo la kwanza: panda boti ya mwisho, au lala ndani ya basi. Gawaneni, wa boti waandike boti, wa basi waandike basi, na msionyeshane mpaka Ijumaa. Yule abiria asiyesema anakotoka awepo kote kuwili. Mniletee daftari zote mbili.