Moyo Kwenda Mbio na Maumivu ya Kifua: Mambo Yanayopaswa Kueleweka na Kila Mwananchi

Miongoni mwa mambo yanayowafikisha watu hospitali wakiwa na khofu kubwa ni hali ya moyo kwenda mbio ghafla, kugonga kwa nguvu, kuruka pigo, au kupapatika kifuani mithili ya ndege aliyetiwa tunduni. Hali hiyo humkuta mkulima na mvuvi, karani na mwalimu, mama mjamzito na kijana wa skuli. Wapo wanaoipuuza mpaka ikawaletea madhara, na wapo wanaoikhofu mpaka wakaacha kazi, safari na hata usingizi. Makundi yote mawili yana haja ya jambo moja, nalo ni kuyajua mapigo ya moyo kwa hesabu badala ya kuyakisia.

KAZI YA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kwa siku moja hufikia takriban mapigo 100,000. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka sehemu maalumu iliyopo katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Umeme huo husambaa katika vyumba vya juu, hupita njia ya katikati, kisha huteremka kwenye vyumba vya chini ambavyo ndivyo vinavyoisukuma damu kwenda mapafuni na mwilini.

Kwa kawaida mtu hausikii moyo wake ukifanya kazi hiyo, kama asivyozisikia kope zake zikipepesa. Anapousikia, ama kasi, mpangilio au nguvu ya mapigo imebadilika, ama yeye mwenyewe amekaa akiusikiliza. Ndiyo maana wengi husema kwamba moyo huwasumbua zaidi usiku, nyumba inapokuwa kimya, na hasa wanapolalia ubavu wa kushoto, kwa vile moyo huwa karibu zaidi na ukuta wa kifua.

SABABU ZA MABADILIKO

Sababu inayoonekana mara nyingi ni pigo linalowahi kabla ya wakati wake. Baada ya pigo hilo moyo hutua kidogo, vyumba vyake hujaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata huwa zito. Mtu husikia kishindo kimoja na kudhani kwamba moyo umesimama ukaanza tena. Watu wengi wenye moyo mzima wakipimwa mchana kutwa na usiku kucha huonekana kuwa na mapigo ya namna hiyo, na aghalabu hayana madhara.

Zipo pia sababu zinazotoka nje ya moyo wenyewe. Homa huongeza takriban mapigo kumi kwa dakika kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Upungufu wa damu, ambao huwapata zaidi kina mama wajawazito na watu wenye malaria au minyoo, huulazimisha moyo kwenda haraka ili damu iliyopo itosheleze mwili. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mbio za moyo pamoja na kukonda, kutetemeka mikono na kutovumilia joto. Aidha, baadhi ya dawa za pumu na za mafua, uvutaji wa sigara, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, na upungufu wa maji mwilini huweza kuleta hali hiyo.

Kundi jingine ni la kasoro katika njia za umeme wa moyo. Wapo ambao moyo wao huanza mbio ghafla, ukafikia mapigo 150 hadi 200 au zaidi kwa dakika, kisha ukatulia ghafla kama ulivyoanza. Na wapo ambao vyumba vyao vya juu hutetemeka bila ya mpangilio, na mapigo yakawa hayana utaratibu wowote, hili la haraka, lile la kuchelewa. Hali hii ya pili huzidi kadiri umri unavyokuwa mkubwa, na huwapata zaidi wenye shinikizo la damu au vali za moyo zilizoharibika. Ni lazima itambuliwe mapema, kwani damu inayozubaa katika vyumba vya juu huweza kuganda, na donge hilo likenda kwenye ubongo huleta kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mtu mwenye hali hii huwa takriban mara tano ya asiyekuwa nayo, lakini dawa za kuzuia damu kuganda huipunguza kwa kiasi kikubwa.

MAUMIVU YA KIFUA

Si kila maumivu ya kifua ni ya moyo. Kiungulia huchoma nyuma ya mfupa wa kifua, hasa baada ya kula au kulala chali. Maumivu ya misuli na mbavu huzidi mtu anapojigeuza, anapokohoa au anapobonyeza mahali penyewe kwa kidole. Na khofu yenyewe huubana mwili: pumzi huwa fupi, vidole na midomo hufa ganzi, na kifua huhisi kama kimefungwa kamba.

Hata hivyo haifai kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anajisingizia. Mwaka 1871, daktari wa Marekani aitwaye Jacob Mendes Da Costa alichapisha maelezo ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, waliokuwa wakilalamikia mbio za moyo, maumivu ya kifua na uchovu, ilhali wengi wao hawakuonekana na kasoro yoyote ya moyo inayoweza kuyaeleza. Hali kama hiyo ilionekana tena kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mateso yao yalikuwa ya kweli, ingawa chanzo chake hakikuonekana katika moyo. Mtu wa aina hiyo anastahiki kupimwa kwa ukamilifu, kisha kuelezwa kwa upole na kutibiwa khofu yake kama maradhi mengine yanavyotibiwa.

KIPIMO KINAPOTOKA SAFI

Ichukuliwe mfano wa karani wa umri wa makamo ambaye moyo wake huenda mbio mara mbili au tatu kwa mwezi. Siku moja hali inamshika akiwa ofisini. Anapofika hospitali, akangoja zamu yake na kupimwa, moyo umekwisha tulia. Anaambiwa kwamba kipimo ni kizuri. Anarudi nyumbani akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyokwenda, ama akiamini kwamba daktari hakumjali, ama akianza kuambiwa na jamaa zake kwamba amerogwa.

Karani huyo na daktari wake wote wamesema kweli. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini hutajwa kwa herufi ECG, kilianza kutumika kutokana na kazi ya Willem Einthoven wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, naye akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1924. Kipimo hicho huandika mapigo ya muda ule mgonjwa anapolala kitandani, nayo ni sekunde chache tu. Hakiwezi kueleza jambo lililotokea saa mbili kabla. Kwa sababu hiyo Norman Holter wa Marekani alibuni chombo cha kubebwa ambacho huandika mapigo mfululizo. Chombo chake cha mwanzo, katika miaka ya 1940, kilikuwa na uzito wa takriban kilo 38 na kilibebwa mgongoni. Cha leo hutiwa mfukoni au hubandikwa kifuani, na huandika kwa saa 24 au zaidi.

Si kila kituo cha afya kina chombo hicho, lakini kila nyumba inaweza kuwa na daftari na saa. Mtu anayehesabu mapigo yake hali inapomshika humpelekea daktari ushahidi ambao hakuna mtu mwengine awezaye kuutoa.

NAMNA YA KUHESABU NA KUANDIKA

Mtu akae chini, kisha aweke ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, na ahesabu kwa dakika moja kamili kwa kutazama saa yenye mshale wa sekunde. Kuhesabu kwa robo dakika na kuzidisha mara nne hakufai pale mapigo yanapokuwa hayana mpangilio. Baada ya hapo aandike mambo yafuatayo:

(a) Tarehe na saa hali ilipoanza, na muda iliochukua.
(b) Idadi ya mapigo kwa dakika, na kama yana mpangilio au hayana.
(c) Kama ilianza na kwisha ghafla, au kidogo kidogo.
(d) Alichokuwa akifanya, alichokula au kunywa, na dawa aliyotumia.
(e) Dalili nyengine: kizunguzungu, maumivu, kukosa pumzi, au kuzimia.

Anapofika kwa daktari, agonge mezani kwa kidole jinsi moyo ulivyokuwa ukienda. Jambo hilo ni dogo, lakini humsaidia sana tabibu kutafautisha hali moja na nyengine.

DALILI ZISIZONGOJA

Daftari halichukui nafasi ya hospitali. Mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, usiku au mchana, iwapo:

(a) Amezimia, au amekaribia kuzimia, hasa akiwa anafanya kazi ya nguvu au mchezo.
(b) Ana maumivu ya kubana au uzito kifuani kwa zaidi ya dakika chache, yakisambaa mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho jingi au kichefuchefu.
(c) Anakosa pumzi.
(d) Mapigo yake yanazidi 120 kwa dakika akiwa ametulia, na hayarudi chini.
(e) Uso umepinda, mkono au mguu umelegea, au ulimi umekuwa mzito.

Ikumbukwe kwamba wanawake, wazee na wenye maradhi ya sukari huweza kupata shambulio la moyo bila ya maumivu makali, wakahisi tu uchovu mkubwa, kukosa pumzi au kichefuchefu. Aidha, ikiwa katika ukoo yupo kijana aliyefariki ghafla bila ya sababu kujulikana, daktari aelezwe. Mkwezi wa minazi, mchumaji wa karafuu, dereva na mvuvi anayezimia asirudi kazini kabla ya kuchunguzwa, kwani kuzimia kwa dakika moja juu ya mti au majini kunatosha kuondoa uhai.

KUISHI NA HALI HIYO

Mtu aliyechunguzwa na kuambiwa kwamba hali yake haina hatari anaweza kuishi, kufanya kazi na kusafiri kama wenziwe. Moyo utaendelea kuruka pigo mara kwa mara, naye aone hivyo kama mtu anavyoona kwikwi. Kutembea kila siku, kulala vya kutosha, kunywa maji na kuacha sigara humsaidia. Kahawa chungu ya barazani haimdhuru kila mtu. Anayeona katika daftari lake kwamba vikombe vya jioni hufuatiwa na mbio za usiku, avipunguze.

Mwenye mbio za ghafla huweza kufundishwa na daktari namna ya kuzikata kwa kujikamua pumzi. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulionesha kwamba wagonjwa waliojikamua wakiwa wameketi nusu, kisha wakalazwa chali na kuinuliwa miguu, walitulia 43 katika kila 100, wakati kwa waliotumia njia ya kawaida walitulia 17. Njia hiyo ifanywe na aliyekwisha fundishwa tu.

Dawa za moyo haziazimwi. Kidonge kinachomtuliza jirani huweza kumbana kifua mwenye pumu. Wala zisiachwe ghafla kwa kuwa mtu amejisikia nafuu. Wanaotumia dawa hizo waonane na daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani, ili nyakati za kumeza zipangwe baina ya futari na daku, na ijulikane nani hana uwezo wa kufunga.

WATOTO NA MARADHI YA KOO

Wazazi na walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani wanakumbushwa kwamba baadhi ya mioyo inayopapatika ukubwani iliharibika utotoni. Maumivu ya koo yatokanayo na vijidudu vya aina fulani, yasipotibiwa, huweza kufuatiwa na homa na uvimbe wa viungo unaohama kutoka goti hadi kiwiko, na hatimaye kuharibu vali za moyo. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio wanaopatwa zaidi. Dawa ya penisilini inayotolewa kwa wakati huzuia madhara hayo, na mtoto aliyekwisha kupatwa huhitaji sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Sindano hizo zisikatishwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Wakuu wa idara wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wanaohitaji kuchunguzwa, na wasiwafanyie dhihaka. Masheha nao wanaombwa kulieleza jambo hili katika mikutano ya shehia zao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwenye kuhesabu mapigo yake, akayaandika na akayapeleka kwa tabibu, hana alichokificha.