Aliyempisha Mwenzake Kiti

Kuna maneno machache yaliyonaswa na kinasa sauti cha ndege ya shirika la United, safari namba 232, ambayo tangu niyasome hayanitoki kichwani. Injinia wa ndege, Dudley Dvorak, anamuuliza mtu aliye karibu yake kama angependa kukaa kwenye kiti chake. Yule anauliza: huna neno? Dvorak anajibu hana neno, anaona mwenzake anajua anachokifanya. Basi. Akainuka, akahamia kiti cha ziada.

Hiyo ilikuwa Julai 19, 1989. Ndege hiyo, DC-10 yenye watu 296, ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago injini ya mkiani ilipopasuka. Vipande vyake vikatoboa mabomba, mafuta ya haidroliki ya mifumo yote mitatu yakavuja, usukani ukawa pambo. Zilibaki injini mbili za mabawani: unaiongezea moja nguvu, unaipunguzia nyingine, angalau ndege igeuke.

Aliyepewa kiti ni Denny Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10 aliyekuwa amepanda kama abiria. Alimwambia mhudumu kwamba yuko tayari kusaidia. Rubani mkuu, Al Haynes, akasema aje. Kabla ya kupishwa kiti, Fitch alikuwa sakafuni, katikati ya marubani wawili, mikono kwenye vishikio vya injini.

Hakuna aliyemwamuru Dvorak aondoke. Kiti kile kilikuwa cheo chake, na zilikuwa zimebaki dakika chache watue. Katika ofisi zetu watu hununiana mwaka mzima kwa sababu ya kiti.

Kwa miaka mingi baadaye, mpaka alipofariki mwaka 2019, Haynes alikuwa akialikwa kusimulia, na kila mara alikataa kuitwa shujaa peke yake. Katika hotuba yake ya 1991 kwa watu wa NASA alieleza kwamba zamani neno la rubani mkuu ndilo lilikuwa la mwisho, na ndege kadhaa zilipotea kwa sababu hiyo. Shirika lake lilianza kuwafundisha marubani kusikilizana mwaka 1980. Katika chumba cha marubani, alisema, walikuwa na uzoefu wa miaka 103 kwa jumla, lakini hata dakika moja ya miaka hiyo haikutumika kurusha ndege iliyo katika hali ile. Kwa nini basi yeye ajue zaidi ya wale watatu? Asingewaachia waseme, aliamini, wasingefika.

Walifika, kwenye uwanja wa ndege wa Sioux City. Ndege ilibingirika, ikakatika, ikashika moto. Watu 112 walikufa. 184 walinusurika, wakiwamo wote wanne wa chumba cha marubani.

Lakini Fitch alikuwa mgeni mle ndani. Kusema hakungemgharimu kitu. Nesi anayemwona daktari akikaribia kukosea, au karani anayeona hesabu za bosi haziendi, ataanzia wapi ikiwa mkataba wake unasainiwa na huyo huyo? Mafunzo yatamtosha, au atahitaji ulinzi kwanza?

Wewe mwenye ofisi, kikao cha Jumatatu anza na mdogo kuliko wote. Muulize anaona nini usichokiona wewe, kisha nyamaza mpaka amalize.