Kocha wa Marekani amenyamaza? Muulize hivi
Wewe unayekimbia alfajiri kutoka Mashimoni hadi Ngong Road, nisikize. Kocha wa chuo Marekani ameona muda wako wa mita 5,000, akakutumia WhatsApp: anakutaka. Sasa wiki ya pili, kimya. Tiki mbili za bluu tu.

Usipaniki. Alabama iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa, na kocha anaongea na wengine pia. Wanaofika wapo: Doris Lemngole alienda chuo huko, na 2024 akawa bingwa wa mbio za nyika za NCAA.

Ila kutakwa si kupewa nafasi. Muulize wazi: karo ni yote ama nusu? Chumba na chakula je? Tiketi ya ndege ni ya nani? Na maandishi yanakuja lini? Ile barua ya kujifunga na chuo, NLI, ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi tafuta mkataba wa ufadhili kutoka chuo chenyewe.

Najua kuuliza pesa ni aibu. Mimi niliacha chuo hapa hapa Nairobi kwa sababu msee fulani aliahidi kunilipia karo, kwa mdomo tu, nikaona haya kumuuliza lini. Nikangoja semista nzima.

Kwa hivyo mwandikie leo jioni, huko ni asubuhi. Na fomu ya KUCCPS, ijaze tu.