Ufa Usio na Uwazi: Mawimbi ya Tetemeko na Miamba ya Bonde la Ziwa Albert

1.0 Utangulizi

Neno ufa hubeba maana mbili zinazoweza kumchanganya msomaji wa jiolojia. Mkazi wa Nyakasanza, mojawapo ya komine tatu za mji wa Bunia mkoani Ituri, alisikiapo neno hili huwaza kwanza mpasuko wa ukuta, yaani uwazi unaoweza kupitishwa kidole au kuzibwa kwa udongo. Mwanajiolojia, kwa upande wake, hukusudia mahali ambapo miamba imekatika na pande zake mbili zikasuguana na kupishana. Humo kwa kawaida hamna uwazi, bali mna mawe yaliyopondwa, udongo wa mfinyanzi na maji. Makala haya yanaeleza jinsi mawimbi ya tetemeko yanavyotumika kuutambua ufa wa aina hiyo pasipo kuuchimba, na kwa nini jambo hilo lina uzito kwa wakazi wa Ituri.

2.0 Mahali Penyewe

Bunia iko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha meta 1,270 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki uwanda huo hukatika, na barabara huteremka hadi Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, ambalo uso wake uko kwenye meta 620 hivi. Ukingo huo ni alama ya ufa mkubwa wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa: upande wa Bunia umeinuka, na upande wa ziwa umedidimia. Ziwa lenyewe lina kina kisichofika meta 60, lakini chini ya sakafu yake zimelala tabaka za mchanga na matope zenye unene unaofikia takriban kilometa 5. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umbo la bonde imefukiwa, na jicho haliwezi kuiona.

3.0 Mawimbi na Matumizi Yake

Ardhi inapotikisika, mawimbi ya aina mbili husafiri ndani yake. Mawimbi ya msukumo huubana mwamba na kuuachia. Mawimbi ya mkato huutikisa mwamba kando ya mwelekeo wa safari yake. Katika mwamba mgumu kama graniti, ya kwanza huenda karibu kilometa 6 kwa sekunde, na ya pili karibu 3.5. Kila sekunde inayopita baina ya kufika kwa aina hizi mbili huonyesha umbali wa kilometa 8 hivi. Kituo kinachopata tofauti ya sekunde 10 kiko kama kilometa 80 kutoka chanzo, na vituo vitatu au zaidi vikilinganisha vipimo vyao, mahali pa chanzo hujulikana.

Kutokana na msingi huo zimezaliwa njia tatu. Ya kwanza ni ya mwangwi. Mawimbi hutumwa chini kwa makusudi, nayo hurudi yanapokutana na tabaka tofauti. Mwangwi uliorudi baada ya sekunde 4, katika tabaka ambamo mawimbi huenda kilometa 2.5 kwa sekunde, umetoka kilometa 5 chini. Ufa ulio karibu wima hautoi mwangwi mzuri. Hutambuliwa pale tabaka zinapokatika upande mmoja na kuendelea upande wa pili kwa kina kingine.

Njia ya pili hutumia matetemeko yenyewe. Mawimbi yanayopita katika miamba iliyopondwa huchelewa. Njia nyingi za mawimbi zikipishana, ucheleweshaji huo huweza kuchorwa, kama vile mashine ya hospitali inavyochora viungo vya ndani kwa miale inayopita mwilini kutoka pande mbalimbali.

Ya tatu hutegemea mawimbi yanayonaswa ndani ya ukanda wa ufa, yakigonga kuta zake huku yakisafiri. Baada ya tetemeko la Landers, California, mwaka 1992, mawimbi hayo yalionyesha ukanda uliopondwa wenye upana wa takriban meta 200.

4.0 Utafiti Katika Eneo

Katika miaka ya 1950 taasisi ya IRSAC, yenye makao Lwiro karibu na Bukavu, ilikuwa ikirekodi matetemeko ya tawi la magharibi. Nchini Kenya, mradi wa KRISP ulilipua baruti maziwani na kupima mawimbi; vipimo vya mwaka 1990 vilionyesha kuwa ganda la dunia lina unene wa kilometa 35 hivi chini ya Naivasha, lakini 20 tu chini ya Turkana. Mwaka 2006 na 2007 vituo vya muda vilivyowekwa kuzunguka Rwenzori vilinasa mamia ya matetemeko madogo kila mwezi. Kuhusu Ziwa Albert, vipimo vya mwangwi vya watafutaji wa mafuta ndivyo vilivyofichua tabaka zilizofukiwa.

5.0 Manufaa na Mipaka

Tetemeko la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja kandokando ya Rwenzori, na lile la Februari 1994 liliathiri eneo la Fort Portal. Ufa wa ukingo wa Bunia, kama ilivyo desturi ya nyufa za aina yake, huinama kuelekea bondeni. Hivyo tetemeko linalozuka chini ya ziwa laweza kuwa la ufa ule ule unaochomoza chini ya mteremko. Aidha, tabaka laini za Kasenyi na Tchomia hukuza mtikisiko kuliko miamba ya kale ya uwandani. Picha ya ardhini hueleza wapi na kwa namna gani, haielezi lini.

6.0 Hitimisho

Kiswahili cha mashariki mwa Kongo husema inchi mahali ambapo Kiswahili sanifu husema ardhi, na elimu ya chuo kikuu hutolewa kwa Kifaransa. Maarifa haya yakibaki katika Kifaransa na Kiingereza, fundi anayepanga matofali Nyakasanza hatayapata. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unaojadiliwa hapa hauzibiki kwa mkono wa mtu, lakini ukuta waweza kujengwa imara kabla ya kutikiswa.